Milele ni Muda Gani?

Somo letu la leo ni Injili ya Yohana, sura ya 17, aya ya 1 mpaka ya 5. Aliye na Biblia karibu naye na aifungue, maana tutairudia aya ya 3 kabla ya kuagana.

Nianze na swali la mama mmoja. Tulikuwa tumemzika mwanawe, kijana aliyekuwa ameacha kanisa miaka mingi na kufa mbali na nyumbani. Nilihubiri kaburini kama tulivyofundishwa, nikataja uzima wa milele na adhabu ya milele. Watu walipokwisha kunawa mikono na kukaa kwa chakula, mama yule akaniita kando. Akaniambia, “Pasta, umesema milele. Mimi najua mwaka, najua miaka themanini. Hiyo milele ni muda gani? Na kama ni ndefu namna hiyo, mimi nitakaa mbinguni kwa raha gani nikijua mwanangu yuko nje?”

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilisema maneno ya kumtuliza, akanishukuru kwa heshima, lakini niliona machoni pake ya kwamba sikumjibu. Jioni ile nilifungua vitabu nilivyotumia chuoni, nikaona jambo nililokuwa nimelisoma kwa ajili ya mtihani tu. Swali la mama yule liliwahi kulitikisa Kanisa la Uingereza lote. Liliwafukuzisha watu kazi, likafika mahakamani, likafika hata hapa Afrika. Na chanzo chake kilikuwa neno moja. Leo nataka tuitazame historia ya neno hilo, maana ndugu zetu wa zamani walilipia gharama kubwa ili sisi tulielewe vizuri zaidi.

Sisi tunaoomba kwa Kiswahili tuna neno milele. Waingereza wanayo mawili. La kwanza ni “everlasting”, la pili ni “eternal”. Hili la kwanza ni la Kiingereza chenyewe, na limeungwa kwa vipande viwili: kimoja maana yake ni daima, na cha pili ni kudumu. Wataalamu wa asili ya maneno wasema kipande hiki cha pili kimetoka katika shina la kale lenye maana ya kufuata nyayo. Hata kile kibao chenye umbo la mguu ambacho fundi viatu hushonea viatu juu yake, jina lake la Kiingereza latoka katika shina hilo hilo. Basi neno hili latuonyesha mtu anayekwenda, hatua baada ya hatua, wala njia haiishi. Ni neno la urefu.

Neno la pili, “eternal”, si la nyumbani. Liliingia Uingereza kupitia Kifaransa, nalo latoka katika Kilatini, katika shina lenye maana ya zama. Linapotumiwa na wanafalsafa halisemi habari ya njia ndefu. Lasema habari ya jambo lisilopimwa kwa saa kabisa, kama vile Mungu asivyopimwa kwa saa.

Sasa angalieni jinsi maneno haya mawili yalivyoingia katika Biblia. Katika miaka ya 1380 wafuasi wa John Wycliffe waliitafsiri Biblia kutoka Kilatini kwa Kiingereza cha watu wa kawaida. Walipofika Yohana 3:16 walitumia lile neno la nyumbani, “everlasting”. Mwaka 1526 William Tyndale alichapisha Agano Jipya alilolitafsiri kutoka Kiyunani. Alipofika Mathayo 25:46, mahali Bwana anapotenga kondoo na mbuzi, alitumia maneno yote mawili katika aya moja: adhabu akaipa “everlasting”, na uzima akaupa “eternal”. Biblia iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James ilifanya vivyo hivyo. Tena katika Yohana sura ya 3 iliweka “eternal” katika aya ya 15, na “everlasting” katika aya ya 16.

Lakini katika Kiyunani hapana maneno mawili. Pote pale ni neno moja, aionios. Watafsiri wa 1611 hawakuwa wakificha kitu. Katika dibaji yao walieleza wazi ya kwamba hawakutaka kujifunga kutumia neno lile lile kila mara, maana Kiingereza kina utajiri wa maneno. Hata hivyo msomaji wa kawaida hakuisoma dibaji. Alisoma aya, akaona maneno mawili, na kwa muda wa miaka 270 Wakristo wengi waliosoma Kiingereza hawakujua ya kuwa ni neno moja. Agano Jipya lililosahihishwa mwaka 1881 ndilo lililoweka “eternal” mahali pote pawili.

Wakati huo huo neno “everlasting” lilikuwa likichakaa sokoni. Waingereza walikuwa na kitambaa cha sufu kigumu kilichoitwa kwa jina hilo kwa sababu hakikuraruka upesi. Walikuwa na maua yaliyoitwa hivyo kwa sababu yakikaushwa hayapotezi rangi. Na mtu aliyechoshwa na mbwa wa jirani aliweza kusema ya kwamba mbwa yule ana kelele za “everlasting”. Neno la Kiti cha Enzi likawa la nguo, la maua na la manung’uniko. Sisi nasi twafanya hivyo. Mtu akichelewa nusu saa twamwambia tumemngoja miaka na miaka.

Wala si mazungumzo ya watu tu. Katika Maandiko yenyewe neno la milele lina kazi nyingi. Kwa Kiebrania ni olam. Neno hilo latumika kwa Mungu katika Zaburi ya 90, asiye na mwanzo wala mwisho. Latumika kwa vilima vya kale katika Mwanzo 49:26. Latumika kwa mtumwa katika Kutoka 21:6, yule aliyekataa kuachwa huru, akatobolewa sikio ili amtumikie bwana wake; na mtumwa huyo siku moja atakufa. Tena Yona, alipoomba ndani ya samaki, katika sura ya 2 alisema mapingo ya nchi yamemfunga kwa muda huo huo wa olam, nasi twajua alikaa humo siku tatu. Kwa Yona aliyekuwa gizani, siku tatu hazikuwa na mwisho. Aliyewahi kulaza mgonjwa hospitalini anamwelewa Yona.

Basi ndipo tunapofika kwa mtu ambaye habari zake nataka mzishike. Jina lake ni Frederick Denison Maurice, aliyezaliwa mwaka 1805. Alikuwa kasisi wa Anglikana na profesa wa theolojia katika King’s College, London. Mwaka 1853 alitoa kitabu cha insha za theolojia, na katika insha ya mwisho akaandika juu ya uzima wa milele na mauti ya milele. Alisema hivi, kwa ufupi: tumelifanya neno “eternal” kuwa sawa na muda mrefu sana, lakini Bwana mwenyewe alieleza maana yake katika Yohana 17:3. Uzima wa milele ni kumjua Mungu. Kwa hiyo mauti ya milele ni kukosa kumjua, ni kufungiwa nje ya upendo wake, na mtu aweza kuanza kuionja hali hiyo angali anatembea barabarani.

Maurice hakusema ya kwamba wote wataokoka. Alikataa hata kusema kama adhabu ina mwisho au haina, kwa kuwa aliona si kazi ya mwanadamu kuweka kalenda mahali Mungu hakuiweka. Lakini hofu ilikuwa kubwa. Wengi waliona ya kuwa watu wakiacha kuogopa adhabu isiyo na mwisho, wataacha kuogopa dhambi. William Gladstone, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, aliomba katika baraza la chuo jambo lipelekwe kwanza kwa wataalamu wa theolojia. Hawakumsikiliza. Mwaka ule ule wa 1853 Maurice aliondolewa kazini. Mwaka 1854 aliongoza kuanzishwa kwa chuo cha wafanyakazi London, maana alikuwa mtu wa kuwapenda wenye kazi za mikono. Mwaka 1866 Chuo Kikuu cha Cambridge kikampa uprofesa tena.

Msifikiri ya kwamba swali lilizimika. Mwaka 1860 kasisi mwingine, Henry Bristow Wilson, aliandika katika kitabu pamoja na wenzake ya kwamba alikuwa na tumaini la rehema hata kwa waliokufa kabla hawajakomaa katika imani. Mwaka 1862 mahakama ya kanisa ilimhukumu. Akakata rufani, na mwezi wa Februari 1864 baraza la juu la sheria la Malkia likamwachilia. Baraza hilo halikusema ya kwamba hakuna jehanamu, ingawa wenye mzaha walivumisha hivyo. Lilisema tu ya kwamba vitabu vya kanisa letu havimkatazi kasisi kutumaini. Na ni kweli ya kwamba mwaka 1553 kulikuwa na kanuni 42 za imani, na ile ya 42 iliwalaani wasemao ya kuwa wote wataokolewa mwishoni. Lakini zilipopunguzwa kuwa 39, hiyo iliondolewa.

Hukumu ile ilileta kilio. Makasisi karibu 11,000 walitia sahihi tamko la kuipinga, wakashuhudia ya kwamba adhabu na uzima ni vya milele kwa namna moja. Watu wa Kanisa la Juu na watu wa Kiinjili, waliokuwa hawakai meza moja, siku hiyo walikaa pamoja.

Tusiwacheke makasisi hao. Hoja yao ilikuwa ya kale na ya nguvu. Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini, aliisema katika karne ya 5. Katika Mathayo 25:46 neno ni moja kwa pande zote mbili. Ukilifupisha kwa mbuzi, umelifupisha na kwa kondoo. Mtu asikate kamba aliyojifungia mwenyewe. Mimi nami nimeitafakari hoja hiyo mara nyingi, wala sijaona njia nyepesi ya kuikwepa.

Lakini habari hii ina mlango mwingine, nao unafungukia Afrika. Mmoja wa marafiki za Maurice alikuwa John William Colenso, askofu wa kwanza wa Natal, Afrika ya Kusini. Alijifunza Kizulu, akakaa na Wazulu, akawafundisha na kujifunza kwao. Mwaka 1861 alitoa maelezo yake ya Waraka kwa Warumi, na humo akakiri ya kwamba hapo mbele alikuwa akifundisha adhabu isiyo na mwisho, lakini sasa hawezi tena. Fikirini mahali alipokuwa. Mhubiri wa Uingereza angeweza kusema habari hizi kwa watu ambao baba zao na babu zao walibatizwa. Askofu wa Natal alisimama mbele ya watu ambao mababu wao wote walikufa bila kulisikia jina la Yesu. Neno ambalo London lilikuwa hoja ya vitabu, huko lilikuwa habari ya babu yako na bibi yako.

Mwaka 1863 Robert Gray, askofu wa Cape Town, alimshitaki Colenso kwa mambo kadha wa kadha, na hili la adhabu ya milele likiwa mojawapo, akamwondoa katika uaskofu. Mwaka 1865 baraza lile lile la sheria kule London likasema Gray hakuwa na mamlaka hayo. Mgogoro ukaenea hata Kanada, na ndio uliokuwa sababu mojawapo ya maaskofu 76 kukutana Lambeth mwaka 1867, kwa mara ya kwanza. Basi mkisikia leo habari za mkutano wa Lambeth, kumbukeni ya kwamba nyuma ya mkutano ule wa kwanza kulikuwa na maswali yaliyoulizwa katika udongo wa Afrika. Sisemi Colenso alikuwa sahihi katika yote. Nasema swali lake lilikuwa swali la haki, nalo ni lile lile la mama yangu pale kaburini.

Hapa kwetu Kenya swali hilo lilishikwa na mwana wa Ukambani, kasisi John Mbiti, aliyefariki mwaka 2019. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya mambo ya mwisho, alieleza ya kwamba vitenzi vya Kikamba vyenye kuonyesha wakati ujao havifiki mbali kupita miaka kama miwili. Wahubiri walipoleta habari za milele iliyo mbele, wasikilizaji wengi waliivuta karibu: mbingu ikawa mji wa kuhamia upesi, na moto ukawa moto wa kuni. Wako wataalamu waliompinga Mbiti juu ya Waafrika na wakati. Lakini onyo lake kwa wahubiri twalihitaji. Tukifundisha urefu peke yake, watu watatengeneza kalenda.

Je, Kiswahili chetu chatusaidiaje? Tazameni utajiri tulio nao. Twasema siku zote, na hapo twazihesabu siku: leo, kesho, na ile inayofuata, kama yule mfuata nyayo wa “everlasting”. Twasema dahari, nalo ni neno la zama, mnaloliona mwisho wa Injili ya Mathayo. Kisha twasema milele, na neno hilo halina siku ndani yake. Huwezi kusema milele mbili au milele kumi. Kwa hiyo Mkristo wa Kiswahili anayesoma uzima wa milele asikimbilie kuuliza ni miaka mingapi. Aulize kwanza, ni uzima wa nani?

Na sasa turudi kwenye aya yetu. Katika Yohana 17:3 Bwana Yesu yu karibu kukamatwa. Anaomba, na katika maombi anaeleza uzima wa milele ni nini. Hataji miaka. Hataji mji wenye lango la lulu, ingawa twauamini mji huo. Ataja kumjua Baba, Mungu wa kweli, na kumjua yeye aliyetumwa. Tena katika Yohana 5:24 asema aaminiye anao uzima huo, wala hasemi ataupata baadaye. Urefu upo, naam, kwa kuwa Mungu hafi, na mtu aliyeunganishwa naye hawezi kukatwa na kaburi. Lakini urefu ni tunda tu. Mzizi ni kumjua yeye.

Hapo twaona pia uzito wa upande wa pili. Kama uzima wa milele waanza leo, hata upotevu waweza kuanza leo. Yuko mtu anakula, anacheka, ana gari na shamba, naye ameufunga mlango kwa ndani. Yatupasa kumwonya, si kwa kumhesabia miaka ya moto, bali kwa kumwonyesha anachokikosa sasa hivi.

Baada ya majuma mawili nilirudi kwa mama yule. Tuliketi nje ya jiko lake, akanipa chai. Nikamwambia, “Mama, siku ile sikukujibu. Milele siwezi kukupimia. Ya mwanao yako mikononi mwa yule ambaye Ibrahimu alimwita Mwamuzi wa ulimwengu wote, katika Mwanzo 18, na Ibrahimu alimwamini ya kuwa atatenda haki. Mimi si mwamuzi. Lakini nalijua jambo moja. Uzima wa milele si mahali utakapokwenda ukakae kwa raha bila kujali. Ni kumjua Mungu, naye ndiye aliyempenda mwanao kabla hujampenda wewe. Huzuni yako yeye anaijua.”

Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, “Kwa hiyo yaanza hapa?” Nikasema, “Yaanza hapa, mama.” Akatazama upande wa nyumba ya mwanawe mdogo, ambaye naye alikuwa ameacha kanisa na ambaye mama hakusema naye tangu maziko kwa sababu ya ugomvi wa gharama za jeneza. Akasema, “Basi huyu bado yuko hai.” Akasimama, akamimina chai katika kikombe cha pili, akampelekea.

Mpendwa msikilizaji, nawe unaye mtu wa namna hiyo. Usingoje kaburi ndipo uulize milele ni muda gani. Chukua kikombe uende leo.

Na tuombe. Ee Mungu wa milele, usiyehesabiwa siku, tufundishe kukujua wewe na Yesu Kristo uliyemtuma. Wafariji waliao kwa ajili ya wale ambao habari zao ni wewe tu uzijuaye. Nasi tulio hai, utupe kurudiana kabla jua halijachwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.